Kipya Kilichozeeka

Kiinua mgongo changu kilipoingia benki, Mama Watoto alikuwa na orodha yake tayari: bati za upande wa jikoni, tangi la maji la lita 1,000, na akiba ya arusi ya binti yetu. Orodha yangu ilikuwa na kitu kimoja. Nikakitaja tukinywa chai, taratibu, kama mtu anayeomba aongezewe sukari.

"Pikipiki?" akauliza. "Mwalimu, umestaafu Juni, Agosti unaingia kwenye boda?"

Hiyo ndiyo shida ya kupenda pikipiki hapa Tanga. Kwetu pikipiki ni jembe. Inabeba abiria, magunia ya mkaa, kreti za soda, hata kitanda. Ukisimama nayo kivulini dakika mbili, mama mwenye kapu ameshapanda nyuma na kukwambia umpeleke sokoni Mgandini. Nilipomweleza kwamba mimi naitaka ya matembezi tu, Jumapili asubuhi kwenda Raskazone kuangalia bahari na kurudi, alinitazama kama nimesema nataka ng'ombe wa kupiga naye picha.

Tena niliitaka ya umbo la kizamani: taa ya duara, rimu za spoki, kiti kirefu kilichonyooka, na injini iliyo wazi ambayo mtu anaiona mapezi yake. Mwanangu wa pili akaanza kunionyesha picha kwenye simu, na kila jioni ikawa darasa. Alianza na Royal Enfield Classic 350. Kampuni hiyo ilizaliwa Redditch, Uingereza, na huko kwao ikafa. Tawi la India, lililokuwa likiunda Bullet kule Madras tangu miaka ya 1950, likaendelea mpaka leo. Cc 349, kilo 195. Ikafuata Triumph Bonneville, ambayo ya kwanza ilitoka 1959. Kijana akataja bei, nikamwambia apitishe picha. Mimi nilinasa kwenye Yamaha SR400. Hiyo ilianza 1978, toleo la mwisho likatoka 2021, na haikuwahi kuwekewa stata ya umeme. Ni kiki tu! Kwenye injini kuna kijidirisha kinachokuonyesha kama pistoni imefika mahali pa kupigia. Nikamwambia mwanangu, hicho ndicho chombo cha mtu mzima.

Mama Watoto alikuwa anachambua mchele, na yote hayo aliyasikia.

"Ngoja nielewe. Kimeundwa juzi, lakini wamekifanya kionekane cha zamani, na kwa hilo mtu analipa zaidi?"

"Ndivyo."

"Kipya kilichozeeka." Akarudi kwenye mchele wake. "Mimi nina cha zamani humu ndani, na nilikipata bure."

Kijana alicheka mno. Mimi nikaona nimechokozwa. Kama shida ni uzee wa kughushi, basi nitaleta uzee halisi. Nikapata habari za mtu Muheza anayeuza 125 ya Kijapani ya miaka ya 1970, na jina la pikipiki silitaji, maana kosa halikuwa la walioitengeneza. Nilipofika nikainunua kwa macho. Tangi lilikuwa jekundu, lina mstari wa dhahabu. Mwenyewe akapiga kiki ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaitika, na mimi nikatoa pesa. Sikuuliza imekaa muda gani bila kutembea. Kwa nini nimuulize mtu swali litakaloniharibia furaha?

Tuliileta kwa kirikuu, siku ya Alhamisi. Nje haikuweza kulala, kwa sababu wezi wapo na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Tukaiingiza sebuleni, juu ya busati jipya lililokuwa limetandikwa kwa ajili ya wageni: kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tulikuwa tunapokea posa ya binti.

Na usiku wa kuamkia Ijumaa, msomaji wa pwani anajua, nyumba hufukizwa udi.

Alikuwa anatoka jikoni na chetezo mkononi, makaa yamekolea, kipande cha udi kimeanza kufuka. Akafika kwenye mlango wa sebule, akasimama. Sikuwa nimemwona akisimama hivyo tangu siku aliyokanyaga nyoka.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "hiyo harufu si ya udi."

Akarudi kinyumenyume mpaka uani, akakitumbukiza chetezo chote kwenye ndoo ya maji. Kijana akapiga kelele asiguse mtu swichi. Nikawasha tochi nikiwa nje dirishani: petroli ilikuwa inadondoka tone kwa tone chini ya injini, na busati limeshakunywa la kutosha. Tukafungua madirisha yote, tukatoa magodoro, tukalala uani sisi sote pamoja na bibi arusi mtarajiwa, majirani wakichungulia juu ya ukuta kuuliza nani amefariki.

Pilau la wageni lilipikwa kwa jirani. Wageni walipofika, nyumba bado inanuka kama sheli. Mshenga akaketi, akavuta pumzi, akauliza kwa adabu kama siku hizi tunauza mafuta ya rejareja. Hata hivyo kabla ya kuulizia bibi arusi aliizunguka ile pikipiki uani mara tatu, na mimi nikaliweka hilo akilini.

Fundi alikuja Jumamosi. Alipofungua kabureta, chini ya bakuli kulikuwa na utando wa kijani unaonata kama gundi. Petroli ikikaa miezi huoza, akasema, na masalio yake huziba njia. Sindano ya floti ikikwama na koki ikiachwa wazi, mafuta hayana pa kwenda ila kwenye busati. Koki niliiacha wazi mimi. Ndani ya tangi kulikuwa na kutu, kwa sababu tangi lililo nusu tupu hujaa hewa, na hewa ya pwani ina maji.

"Mzee, hii haikuchakaa kwa kutembea. Imechakaa kwa kukaa."

Mama Watoto aliyasikia hayo akiwa dirishani, na jioni akafungua daftari. Wiki ina saa 168. Raskazone kwenda, kukaa na kurudi ni saa mbili. "Saa 166 itakaa na mimi," akasema. "Wewe umechagua ya kuendesha. Ya kukaa nayo nitachagua mimi."

Akachukua futi yake ya kushonea akapima mlango wa uani: sentimita 75. Ile Enfield, usukani wake sentimita 78 na nusu, ikakwama mlangoni bila kufika Tanga. Akataka chombo atakachoweza kukisukuma mwenyewe, na mwanamke aliyevaa baibui asilazimike kurusha mguu. Mwanangu akampa jina: Honda Super Cub, ile iliyoanza 1958 na kuvuka milioni 100 mwaka 2017. Katikati yake ni wazi, mbele ina ngao za miguu za kuzuia tope, na haina mkono wa kluchi. Hii haijifanyi ya zamani, nikakubali. Umbo lake ndilo lile lile tu. Binamu wa Mama Watoto huko Unguja alikuwa nayo ya cc 70, akiitumia kila siku. Mama Watoto alihakikisha hilo la kila siku kwa simu mara mbili.

Ile 125 aliichukua mshenga, kwa hasara yangu. Posa ilikubaliwa.

Siku ya kuijaribu barabarani Honda tuliyoichukua kwa binamu, Mama Watoto aliomba kuiona leseni yangu. Ilikwisha muda mwaka 1997. Yake ya pikipiki aliipata mwezi uliopita, baada ya mafunzo. Jumapili tunakwenda Raskazone, yeye mbele, mimi nyuma na chupa ya chai. Busati jipya limeandikwa daftarini chini ya gharama za pikipiki.