Bwana Harusi Asiye na Wazee

Desemba ikifika, akina mama na mabinti kutoka Othaya hadi Nanyuki hufungua riwaya za mapenzi ya Krismasi, zile za mtumba zenye jalada la farasi, theluji na mwanamume mcha Mungu aliyefiwa na mke lakini si na misuli. Nani awalaumu? Kahawa inakaribia kwisha kuchumwa, watoto wako nyumbani, na mhusika wa kitabu walau haitishi chai.

Theluji tunayo, bila shaka, huko juu Batian, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, ingawa barafu ya mlima inazidi kuyeyuka. Ila sijasikia imemfungia mtu kibandani na mchumba mtarajiwa. Huku mtu akikwama amekwama Sagana, kwenye foleni, ndani ya matatu iliyopandisha nauli, miguuni pake kuku ambaye tarehe yake ya kufa inajulikana na abiria wote.

Muujiza unaonishinda ni wa ukurasa wa mwisho. Wa maombi naukubali. Lakini jamaa anapiga goti chini ya mti wa Krismasi, binti anasema ndiyo, na kitabu kinakwisha! Hakuna mzee aliyekohoa. Hakuna shangazi aliyeuliza kijana ni wa ukoo gani. Mbuzi hawajatajwa hata kwa fumbo. Nyeri, hapo ndipo sura ya kwanza ingeanza: ruracio, yaani sherehe ya mahari, ingepangwa, wazee wangejadiliana hadi chai ipoe, na mwandishi angehitaji juzuu nane, huku mahari bado ina deni.