Kata Nzima Imesomea Udaktari

Ukiwa na kisukari na unaishi Iyunga, usimwambie mtu kwamba una upasuaji. Mimi ngiri yangu ni ndogo, ya kuingia asubuhi na kutoka jioni, lakini kabla sijapanda daladala kata nzima ilikuwa imeshanitibu.

Shangazi akasema, "Mwanangu, meza dozi mbili, sukari ikipanda kidonda hakifungi." Mstaafu mmoja jirani na stesheni ya TAZARA akaamuru niache vidonge wiki nzima, eti damu ipumzike. Dereva wa bajaji akapendekeza majani ya parachichi. Bei ya mafuta hajui kesho itakuwaje, lakini kongosho langu analijua.

Ningewapuuza wote kama kikaratasi cha hospitali kingesema lolote. Kimeandika: "Asile kitu kuanzia saa sita usiku. Afike saa kumi na mbili asubuhi." Wameuliza namba ya ndugu, kabila na dini. Vidonge? Kimya. Yaani wanataka kujua nitazikwaje kabla ya kujua ninameza nini.

Ikabidi nimfuate nesi wa kliniki ya sukari. "Baba, unatumia dawa gani?" Nikamtolea pakiti zangu, metfomini na glibenklamaidi. Akaishika hii ya pili kama aliyekamata mwizi. Hiyo, akasema, inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Ukiimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, sukari inaweza kushuka chini ya 4 mmol/L: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Na ukiwa umelala usingizi wa dawa, nani atajua kwamba umechanganyikiwa? Asubuhi hiyo iache. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha sukari kiasi hicho, ila daktari wangu alitaka nayo isubiri mpaka nile. Wanaotumia dapagliflozini, kidonge kingine cha sukari, na ndugu zake huambiwa waache siku kadhaa kabla, maana inaweza kuleta asidi mbaya mwilini hata sukari ikisomeka vizuri.

Shangazi hakukosea kabisa: sukari ikikaa juu, kidonda huchelewa kupona. Ndiyo maana huachi wiki nzima, na ndiyo maana ukianza kula vizuri unarudia dozi yako ya kawaida, tena bila kulipia ile uliyoruka.

Nesi akaongeza kwamba mwenye kisukari huombewa awe wa kwanza kwenye orodha, asikae na njaa. Nikacheka. Nilifika saa kumi na mbili, baridi ya Mbeya inauma meno, nikaitwa saa sita mchana. Kwa bahati kila baada ya muda walinitoboa kidole kupima.

Sasa naomba kitu kimoja tu. Pale palipoandikwa "kabila", pafutwe, paandikwe: "Vidonge vya sukari: ameze kipi, aache kipi, aanze tena lini." Unyakyusa wangu haukumsaidia daktari chochote.