Muulize Ssenga: Mikunjo Inanitesa

*Wiki hii Ssenga, shangazi wenu wa ushauri, ameweka kando ndoa zenu. Anawajibu wachoraji wa tableti, ambao ugomvi wao na nguo umeshinda ule wa wake wenza.*

Ssenga, nachora kadi ya kwanjula, sherehe ya utambulisho. Bi harusi nimemvika gauni la gomesi la satini, nikampiga mistari ya kivuli kutoka kifuani hadi miguuni, yote sawasawa. Mama yake ameuliza kwa nini binti yake amevaa bati.
*Fundi Bati, Ntinda*

Mwanangu, mkunjo hauzuki wenyewe. Kuna kilichoivuta nguo, kilichoibana au kilichoiachia ianguke. Kabla hujagusa brashi, mtafute mvutaji. Gomesi tuliyoachiwa na fundi Mgoa, Caetano Milagres Gomes, mwanzoni mwa karne ya 20, haimfichi: tazama mabega yaliyochongoka, tazama mshipi ule mpana. Anzia kwenye fundo la mshipi. Hapo mikunjo ni myembamba na kivuli kimekolea. Ikienda mbali inapanuka na kufifia. Nyonga zilizojazwa na kikoyi cha ndani ziache laini, kwa sababu kitambaa kilichotanda hakikunjiki. Na satini haina subira: weka mng'ao mkali ubavuni mwa giza, bila kuzungukazunguka.

Ssenga, kanzu ya bwana harusi nimeizungushia kivuli cheusi kwenye kila ukingo ili inenepe. Sasa inaonekana imetoka jikoni kwenye masizi.
*Mzungusha Brashi, Wandegeya*

Wewe umepaka kivuli bila kuuliza jua liko wapi. Kampala iko hatua chache tu kaskazini ya ikweta. Saa sita mchana mwanga unashuka utosini. Basi giza likae chini ya kidevu, chini ya mikono na chini ya pindo la koti. Kivuli ambacho koti linakitupa juu ya kanzu kina ukingo mkali. Kivuli cha mkunjo unaogeuka polepole kina ukingo laini. Ukivichanganya, hata Krita, programu ya bure isiyomdai mtu shilingi, haitakuokoa.

Weusi nao uufute. Fungua tabaka jipya, liweke kwenye hali ya malitiplai (Multiply), kisha chagua kijivu chenye ubuluu, maana upande usiopigwa na jua huangazwa na mbingu. Karibu na miguu ongeza wekundu kidogo: udongo wetu huirudishia nguo rangi yake, na nguo nyeupe haiwezi kukataa.

Ssenga, nimemchora mzee amejifunga lubugo. Rafiki zangu wanasema amevaa shuka la hoteli.
*Mjukuu Mwenye Aibu, Kasubi*

Wana haki. Lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao hadi likatanuka. Halina nyuzi za kufumwa na halimeremeti. UNESCO iliitangaza kazi hii urithi wa binadamu mwaka 2005, nawe umeifanya nailoni! Futa mng'ao wote. Chora mikunjo michache, mikubwa, yenye migongo butu. Tofauti ya mwanga na kivuli iwe ndogo, ndani ya rangi ileile ya udongo wa chungu. Ukitaka kuhakikisha, nenda kaliguse. Vidole vitakufundisha kuliko picha za simu.

Ssenga, nimefuata ushauri wako wote. Mteja ameitazama gomesi akasema imejikunja mno, niipige pasi kabla hajalipa.
*Msanii Bila Nauli, Kiyembe*

Mpigie kwa furaha, mwanangu. Pasi ya Kiyembe ina bei yake na ya tableti ina yake: mwandikie ankara ya kila mkunjo unaoondolewa, nusu ilipwe kwanza. Utashangaa jinsi atakavyoipenda mikunjo ghafla. Na siku nyingine chukua malipo ya awali kabla ya kuchora hata kola.