Sifa za 3-Methiliheksani

Wengi husifu korosho ya Masasi na Newala kwa kuwajengea watu nyumba na kuwasomeshea watoto. Mimi leo namsifu 3-methiliheksani, haidrokaboni mwenye tawi, ambaye hajamjengea mtu hata banda la kuku, ila amewaangusha wengi kwenye mtihani wa kemia.

Kwanza, ni mtenda haki. Katika kutaja haidrokaboni zenye matawi hakuna mtoto wa kigogo: mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaotawala, hata ukikata kona. Mchoree mwanafunzi kaboni tano zilizonyooka, kisha kwenye ile ya pili uning'inize ethili. Ataandika kwa furaha: 2-ethilipentani. Maskini! Angeshuka kupitia hiyo ethili angehesabu kaboni sita, na pembeni ingebaki methili moja tu, kwenye kaboni ya tatu: ndiye 3-methiliheksani wetu. Wenye mikorosho mizee wanalijua hili. Tawi lililolala chini huweza kuwa refu kuliko shina lililosimama.

Tena ana adabu ya foleni. Ethili hutangulia methili kwa alfabeti, na hata methili wakija wawili wakajiita dimethili, hiyo "di" haiwasogezi mbele. Laiti foleni zetu zote zingekuwa hivyo.

Ukarimu wa ukoo wake wa alkani ndio usiseme. Kaboni 5 zinatoa maumbo 3, kaboni 8 zinatoa 18, kaboni 10 zinatoa 75, na kaboni 20 zinatoa 366,319. Mwalimu hawezi kuishiwa maswali. Wanakemia waliokutana Geneva mwaka 1892 kuweka kanuni za majina haya tuwaombee dua, kila mtu kwa nia yake.

Mtasema aliyenyooka ni bora. Muulizeni dereva wa bodaboda anayepanda kwenda Newala. Katika kipimo cha oktani cha petroli, 2,2,4-trimethilipentani mwenye matawi matatu alipewa 100; heptani aliyenyooka, anayeifanya injini igonge, akapewa 0. Na ile asidi ya ganda la korosho inayobabua vidole vya wabanguaji? Ina mkia wa kaboni 15, umenyooka, hauna tawi hata moja. Mnyoofu tena!

Basi, watahiniwa wa Masasi na Newala, mkiletewa mchoro wenye matawi msinune. Tafuteni kwanza mnyororo mrefu, mhesabu kutoka ncha zote mbili, ndipo muandike jina.