Kisanduku Kisichokamata Chaneli

Jana shemeji yangu alikuja kutazama mpira. Akakiona kisanduku cheusi chini ya televisheni, kina kitaa kimoja cheupe, akauliza mbele ya wageni wote: "Shem, king'amuzi chako hiki kinakamata chaneli ngapi?" Nikamwambia si king'amuzi, ni seva. "Inamhudumia nani?" Nikasema mimi. Kicheko kilichofuata kilifunika goli, na hata sasa mke wangu akiangalia pembe ile ya sebule najua anachekea ndani.

Hawakuuliza kwa nini nilichagua hicho na si kingine. Swali hilo ningelijibu mpaka alfajiri. Seva kubwa za mtumba, zile za kupangwa kwenye kabati la chuma, ni rahisi kununua na ni balaa kulisha: yenye kula wati 150 bila kuzimwa inamaliza uniti 108 kwa mwezi, na sisi tumo katika kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75. Ingetufukuza kundini kabla friji halijapata zamu. Kompyuta ndogo ya wati 12 haifiki hata uniti 9. Mpya zenye prosesa ya N100 zinavutia, ila Intel wenyewe wanaiwekea kikomo cha RAM cha GB 16, na ukianza kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kufikirika ndani ya moja ya kweli, RAM huisha prosesa ikiwa bado inapiga miayo. Nikaamua mtumba: Core i5-6500T ya mwaka 2015, ile herufi T ikiashiria ubahili wa umeme. Bei zimeshuka kwa sababu Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 ilikatiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za ng'ambo zikazimwaga mashine zilizo nzima kabisa. Linux haijali.

Basi Kariakoo. Nikachomeka diski niliyokuja nayo, Proxmox, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, ikiwa imeshasimikwa ndani, nikaiamuru mashine pepe ya kwanza iwake. Jibu likaja kwamba KVM, injini ya mashine pepe, haipatikani, nenda ukaiwashe kwenye BIOS, ile programu inayoamsha kompyuta. Nikaenda BIOS. BIOS ikadai nywila.

"Nywila gani?" nikamuuliza kijana wa duka.

"Ya wenyewe, bosi. Kwani si inafungua Word?"

Hapo ndipo nilipoanza kufundisha. Nilimweleza yeye, na wateja, na mpita njia mmoja aliyesimama kukwepa jua, kwamba kila mfumo endeshi umelelewa kuamini mashine nzima ni yake. Prosesa za x86 zina ngazi nne za madaraka, 0 hadi 3. Keneli, kiini cha mfumo endeshi, hukaa ngazi ya 0, programu zetu sisi walalahoi hukaa ya 3. Ukitaka mifumo mitatu igawane mashine moja, kila mmoja lazima udanganywe kwamba uko 0 ilhali umeshushwa cheo kimyakimya. IBM waliuweza udanganyifu huo tangu miaka ya 1960. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaweka sharti lake: amri nyeti ikitolewa na asiye na cheo, prosesa ipige kelele, ili msimamizi wa mashine pepe aje aimalize kwa hila. Sasa x86 haipigi kelele! Mwaka 2000 John Robin na Cynthia Irvine walikuta kwenye Pentium amri 17 zinazolivunja sharti hilo. Chukua POPF. Asiye na cheo akiitumia kuzuia prosesa isikatizwe kazini, prosesa haikatai wala haitii. Inakuwa kama karani anayepokea barua yako, anakushukuru, kisha anaitia kwenye droo. Mwaka 1999 VMware walikwepa tatizo hilo kwa kuzibadilisha amri hizo juu kwa juu kabla hazijaifikia prosesa, ufundi ambao mpaka leo naushuku ni uganga. Novemba 2005 Intel wakaleta VT-x, msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa yenyewe, na mfumo mgeni ukapewa ngazi yake ya 0 ya halali, msimamizi akikaa nyuma yake.

Uhondo wenyewe, nikamwambia kijana aliyekuwa tayari anauza kipanya kwa mtu mwingine, ni kwamba ruhusa ya yote hayo huandikwa na BIOS kwenye rejista moja wakati kompyuta inawaka, kisha rejista inafungwa. Hata keneli yenye cheo cha kweli haiwezi kuigusa mpaka mashine iwashwe upya.

Na hapa sicheki tena. Kibandiko kilicho chini ya kisanduku kina namba ya mali ya ofisi fulani ya Uingereza. Kuna mtu kule aliamua kwamba wafanyakazi wake hawana haja na mashine pepe, akafunga, akatia nywila. Sawa, ilikuwa yao. Lakini walipoiuza walikumbuka kutoa diski, wakakumbuka na kile kifremu cha chuma kinachoishikilia, wakakumbuka na skrubu. Siri zao zote walizikumbuka. Mashine imelipiwa meli, imelipiwa ushuru, nimeilipia mimi, na bado inamtii mtu asiyejua kama nipo duniani.

Kijana akang'oa betri, tukanywa soda tukisubiri. Wapi! Betri hutunza saa na baadhi ya mipangilio tu, nywila ilikuwa kwenye chipu isiyohitaji umeme. Nilikuwa katikati ya kueleza tofauti hiyo pale dada anayeuza makava ya simu kizimba cha jirani alipomulika kwa tochi. "Baba, hapa si pameandikwa PSWD?" Palikuwa na jampa ndogo ya plastiki. Akaichomoa kwa kucha, tukawasha, nywila hakuna. Habari za Popek hakuuliza.

Adapta haikuwa yake, kompyuta ikaikataa kwa maandishi na kujipunguzia kasi. RAM niliyoongeza ilikuwa ndefu kuliko nafasi. Diski imeshikiliwa na selotepu.

Mashine pepe inayofanya kazi mpaka sasa ni moja, inazuia matangazo kwa nyumba nzima. Mwanangu amegoma kula, maana mchezo wake wa simu humpa uhai mpya akitazama tangazo, na tangazo haliji. Mke wangu anamtafuta aliyemfichia matangazo ya vitenge. Leo wameandika kwenye kundi la familia kwamba matangazo yao yarudishwe kabla ya magharibi. Nimewajibu kuwa suala linashughulikiwa.