Baba Yuko Wapi?

Wanaosema vichekesho vya televisheni havina mafunzo hawajamtazama vizuri baba mwenye nyumba. Katika kipindi cha Vitimbi, enzi za televisheni ya KBC, Mzee Ojwang' alikuwa na ubabe wa kutosha mtaa mzima. Shida yake moja tu ilikuwa mkewe, Mama Kayai, ambaye hakuishiwa na jibu. Baba akifoka, mama akimkata kalma, Kenya nzima ikicheka, na kesho yake kila mwanamume akaendelea kufoka kwake.

Kisha televisheni ya Citizen ikatuletea Papa Shirandula. Huyu aliaga nyumbani ndani ya suti ya bwana mkubwa wa ofisini, akifika kazini anaivua na kuvaa sare ya bawabu. Mkewe Wilbroda hana habari. Ukuu wa baba ukawa umebaki kwenye suti, lakini heshima ya mezani ilidaiwa kwa bei ileile ya zamani.

Halafu televisheni ya NTV ikaja na Auntie Boss, kisa cha mayaya wa mtaa wa kitajiri. Mama mwenye nyumba ana shughuli zake. Yaya ndiye ajuaye chumvi iko wapi na siri ya nani imefichwa wapi. Maendeleo hayo! Mama kaiacha sufuria, kaipokea mwanamke mwingine. Miaka yote hiyo baba kapoteza sauti, kapoteza ofisi, karibu apoteze hata nafasi kwenye hadithi. Jikoni tu ndiko hajawahi kupotea njia akaingia.