Nimepoteza Kitambulisho

Wewe ni mtu wa heshima zako. Ukipita mbele ya kituo cha polisi unaongeza mwendo, hata kama huna kosa lolote. Jirani akionekana anatoka mle ndani na bahasha mkononi, jioni mtaa mzima una habari. Nakuelewa, na sikuja kukuvua majivuno yako. Nimekuja kukuonyesha namna ya kuingia nayo kituoni, uchukue kilicho chako, utoke nayo yakiwa mazima.

Maana kilicho chako kiko kingi mle, na umekilipia: kwenye sukari, kwenye sabuni, kwenye tozo za simu. Askari wa kata, RB, PF3, dawati la jinsia, somo la kuvuka barabara shuleni kwa mwanao, hivyo vyote ni bure. Vinalala kwa sababu wenyewe wanaona aibu kuviendea. Sogea karibu basi, tuizunguke hiyo aibu.

Hatua ya 1: Jipendekeze mapema

Anayeanza kumtafuta afande siku ameibiwa amechelewa. Mtafute leo, ukiwa umenyoa na umeshiba.

Tangu mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa IGP, Jeshi la Polisi Tanzania limekuwa likihimiza polisi jamii. Kwa lugha ya mtaani maana yake ni hii: askari mmoja anayekujua kwa jina anafaa kuliko difenda mbili zinazofika wezi wakiwa wameshalala. Siku hizi kata nyingi zina mkaguzi wake, na kazi yake ni kuzungukia watu. Wewe huhitaji kuzunguka. Nenda mkutano wa mtaa.

Usikae kule nyuma chini ya mwembe, ambako kila mtu amejiweka tayari kuchomoka. Kaa mbele. Uliza swali moja tu, fupi, la jambo linaloonekana: taa ya barabarani iliyoungua, au lile pagale ambalo vijana wamelifanya maskani. Mkutano ukiisha, msalimie mkaguzi, omba namba yake, ihifadhi. Tayari umekuwa mtu mkubwa. Wiki ijayo kijiweni watu wakianza kulalamika kuhusu vibaka, toa simu taratibu, sema, "Hebu nimpigie mkaguzi wetu." Utaona watakavyokaa sawa.

Halafu mpigie kweli. Hapo ndipo ujanja ulipo: sifa unayoitafuta haipatikani mpaka ufanye kazi yenyewe. Msalimie kila mwezi hata kama huna shida. Usimpe hela. Mpe habari: nani kahamia, gari gani limelala pale wiki nzima, mtoto gani haendi shule. Na balozi wa nyumba kumi usimruke, kwa kuwa mkaguzi akifika mtaani kwenu huanzia kwake. Wakenya walipoanzisha Nyumba Kumi yao mwaka 2013 walichukua wazo kwetu. Kama ulikuwa unatafuta kitu cha kujivunia, hicho hapo.

Hatua ya 2: Kwepa lindo kwa adabu

Ulinzi shirikishi una zamu, na zamu ni za usiku, na usiku kuna baridi na mbwa. Hutaki. Sawa, usiende. Lakini kwepa kama mtu mzima. Toa mchango wako kabla ya kudaiwa, toa tochi, toa birika la chai na kibaraza chako kiwe mahali pao pa kupumzikia. Watakusifu kuliko waliokesha.

Kwa kuwa umetoa, dai. Dai stakabadhi. Dai majina ya walinzi yawe kituoni, na mkaguzi awajue sura zao. Historia ya jambo hili ni yetu na ina somo chungu. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizuia wizi wa ng'ombe mahali ambapo serikali ilishindwa, hata sheria ikawatambua mwaka 1989. Lakini palepale walipokosa mtu wa kuwatazama, baadhi yao waligeukia bibi vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Mlinzi asiyejulikana na mtu hutofautiana na mwizi kwa fimbo tu.

Kuna jambo moja usilikwepe hata kidogo. Siku utakayoona kijana ameshikwa, watu wamejaa na kuna aliyekwenda kutafuta tairi, usianze kuhutubia kuhusu haki za binadamu. Hawatakusikia, na wanaweza kukugeukia wewe. Piga 112, kisha paza sauti kuliko wote: "Msimuue! Huyu ndiye anajua vitu vyetu vilipo! Tunamtaka hai atuonyeshe!" Kila aliyewahi kuibiwa redio atakuunga mkono. Tamaa ya redio itashinda hasira, na dakika kumi ndizo unazohitaji mpaka askari afike. Mama wa kijana yule hatajua jina lako. Fanya hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Ibiwa ukiwa tayari

Simu yako itaibwa. Labda kwenye daladala, labda ukiwa unatazama mpira. Kwa hiyo leo hii, kabla hujaendelea kusoma, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI, ndefu kama mstari wa reli. Iandike kwenye daftari la shule la mwanao, ukurasa wa mwisho. Usiiweke ndani ya simu yenyewe, maana mwizi ataondoka nayo.

Siku ikiibwa, utaingia kituoni na ile namba huku wengine wakieleza rangi ya kava. Kaunta itakuandikia RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye daftari la kituo. RB ni bure. Dhamana nayo ni bure, na vituo vingi vimeliandika jambo hilo ukutani kwa herufi kubwa. Lisome kwa sauti ukiwa unasubiri. Kama umepoteza kadi au cheti tu na hukuibiwa, taarifa ya upotevu unaijaza kwenye mtandao wa polisi na kulipia ada ndogo kwa namba ya malipo ya serikali, ukiwa umekaa kwenye mkeka wako.

Sasa ile "hela ya karatasi." Mimi iliwahi kunipata, kituo sikitaji. Niliambiwa karatasi zimekwisha, kalamu nayo haiandiki, na mimi, "mkubwa wangu," niangalie cha kufanya. Nilikasirika, nikatoa, nikaondoka nikijichukia njia nzima. Wewe usifike huko. Njoo na karatasi zako tano na kalamu mbili ndani ya bahasha. Ukisikia wimbo huo unaanza, weka bahasha kaunta na tabasamu: "Afande, nimekuja nazo." Wimbo ukiendelea, fungua daftari lako na uulize kwa upole kabisa, "Afande, naomba jina lako na namba yako, nikamtajie mkuu wa kituo ulivyonisaidia." Sema kwa heshima, bila kupandisha sauti. Hujamtukana, hujamtuhumu, na askari mwema, nao ni wengi, atalitaja jina lake kwa furaha. Yule mwingine ataipata kalamu. Ikishindikana kabisa, TAKUKURU wanapokea kwa 113.

Nenda na mtu. Shahidi mmoja aliyekaa kwenye benchi kimya, mikono magotini, ana nguvu kuliko makelele yako yote.

Hatua ya 4: Uongo uugawe vizuri

Umepokea ujumbe: ile hela tuma kwa namba hii. Na wewe kweli ulikuwa unadaiwa kodi ya nyumba, ukatuma. Au mtu alikupigia akijifanya wa kampuni ya simu, akakuongoza kwa sauti tamu mpaka akaunti ikabaki na shilingi kumi na mbili. Unaona aibu. Umesoma, una wadogo zako wanaokutegemea kwa ushauri, na umeliwa kama mtoto.

Watu wa heshima kama wewe hufika kaunta na kusema, "Simu yangu imepotea." Afande anaandika simu imepotea, anatafuta simu iliyopotea, nayo imo mfukoni mwako. Tapeli anabaki huru kumpigia shangazi yako.

Kanuni yangu ni hii: majirani wape hadithi yoyote unayotaka, afande mpe ukweli wote. Mtaani sema simu ilianguka chooni, sema umefunga akaunti kwa sababu za kiafya, sema chochote. Kaunta eleza namba iliyokupigia, saa, kiasi, na maneno uliyoambiwa, hata yale yanayokuchoma kuyarudia. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa kisheria, na pia ni hasara, kwa kuwa hadithi nzuri haikamati mtu. Ujumbe wenyewe usiufute: utume kwenda 15040, bure. Piga na *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wengi hukuta ndugu wasiowajua.

Hatua ya 5: Wasukume watoto na bodaboda mbele

Hii ni fupi. Trafiki huenda shuleni kufundisha watoto kuvuka barabara, na huenda vijiweni kufundisha waendesha bodaboda. Mwalimu mkuu akisema hajui pa kuanzia, mpe ile namba ya mkaguzi. Na wewe kijana wa bodaboda unayesema huna muda wa semina: kaa mbele, uliza swali, kofia iwe mapajani. Mwalimu wa leo ndiye atakayekusimamisha kesho kwenye mteremko, na sura ya mwanafunzi wake anaikumbuka.

Hatua ya 6: Aga nyumbani, sema umepoteza kitambulisho

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike zote zilizotangulia. Kama mlango uko wazi, urudishe.

Kuna mtu anasoma hapa ambaye nyumbani kwake anapigwa. Au anamjua binti wa jirani aliyeacha kucheka ghafla. Ameambiwa mambo ya ndani hayatoki nje, ameambiwa avumilie, ameambiwa na mama mkwe, na mchungaji, na shekhe, na shoga yake. Akionekana anaelekea polisi, habari zitafika nyumbani kabla yake.

Dada, aga vizuri. Sema kitambulisho cha taifa hukioni, unakwenda kuchukua taarifa ya upotevu. Kila mtu hupoteza kitambulisho, hakuna atakayeuliza mara mbili. Kifiche kweli, ndani ya mtandio. Beba na mtoto kama yumo katika shida hiyo. Sema unapitia kliniki.

Ukifika kaunta ule uongo uache mlangoni, na huhitaji kumweleza mtu yeyote pale mbele za watu. Maneno matatu tu: "Afande, naomba dawati." Yatosha. Anajua. Jeshi la Polisi lina madawati ya jinsia na watoto zaidi ya 400 nchini, na katika vituo vingi ni chumba cha peke yake, chenye mlango unaofungwa na askari waliofundishwa kusikiliza, mara nyingi wanawake. Ukitaka mwanamke, mwombe. Usiseme "samahani kwa usumbufu." Hiyo ndiyo kazi yake.

Kama damu inatoka au mfupa umevunjika, anza hospitali, mwingine akimbilie PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, askari na ofisa ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, usizungushwe. Kama ni kubakwa, usioge na usifue, ingawa mwili wote unataka maji. Nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, usitumie wa plastiki. Fika hospitali haraka uwezavyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Kwa mtoto, hata kama huna uhakika, piga 116. Ni bure na si lazima uwe mzazi wake.

Huenda siku ya kwanza ukafika getini ukageuka. Si kitu. Huo nao ni mwendo, sasa njia unaijua. Kesho kitambulisho kitakuwa bado hakijapatikana. Huenda ukafika ndani na huyo wa dawati akawa mkavu, akakuambia mkayamalize nyumbani. Wapo. Muulize ni siku gani mwenzake yupo zamu, urudi siku hiyo, na uje na yule shahidi wako wa kwenye benchi.

Na wewe jirani mwenye simu yenye namba ya mkaguzi, uliyekaa mbele mkutanoni ukasifiwa: akipita mlangoni kwako asubuhi, mtandio umevutwa mpaka machoni, akakuambia amepoteza kitambulisho, usimuulize amekipotezea wapi. Chukua kanga yako. Sema na cha kwako hukioni.